Jina Moja kwa Kazi Yote

Quinton alikuwa na kipaji kimoja tu duniani: kuvaa shati jeupe. Kuandika programu hakujua, na kujifunza hakutaka. Lakini katika ofisi yao ya Busia, yenye kompyuta tatu na feni iliyokufa, yeye ndiye aliyeitwa kiongozi wa timu. Akiror, aliyefanya kazi yote, aliitwa "msichana wetu wa kompyuta". Akiror alimdharau kupita kiasi, na nani wa kumlaumu?

Walipoanza, programu yao ilisafiri kwa flashi. Aliyekuwa na flashi ndiye aliyeruhusiwa kuandika, na Quinton aliivaa shingoni kutwa nzima. Akiror alibembeleza mwezi mzima watumie Git, lile daftari la kompyuta linaloweka kila badiliko, nani kalifanya, lini na kwa nini. Quinton akakubali kwa sharti la kijinga kuliko flashi yenyewe: wote waingie kwa akaunti moja, yake.

"Client akiona majina mingi ata-confuse, dada," alisema. "Jina moja ndio brand."

Basi kila mstari alioandika Akiror ukaingia daftarini kwa jina la Quinton. Ilimuuma. Ilimuuma zaidi pale chama cha wenye malori cha Malaba kiliposema kitamwajiri mmoja wao asimamie ule mfumo wa foleni ya kuvuka mpaka waliokuwa wakikitengenezea, na kwamba kitatazama daftari kujua aliyeujenga. Miezi minane ya jasho lake, na jina lake halimo hata mara moja.

Siku ya uzinduzi, katika ofisi ya chama pale Malaba, malori yakaanza kuitwa. La Kenya likapita. La Kenya tena. Kufikia saa nne asubuhi hakuna hata moja la Uganda lililokuwa limeitwa, na madereva waliofika tangu alfajiri wakajaa mlangoni.

"Banange, jamani, sisi si watu?" mmoja alifoka. "Tumekuja kwanza, boss!"

Akiror aliliona kosa papo hapo. Jumamosi alikuwa amebadilisha mstari mmoja, na sasa malori yalipangwa kwa herufi za nambari za usajili badala ya saa ya kufika. K ya Kenya ikatangulia U ya Uganda. Na alikuwa ameujaribu kwa nambari za Kenya tu, yeye mzaliwa wa mpakani!

Mzee Etyang, mwenyekiti wa chama, akataka daftari lifunguliwe mbele ya wote. Badiliko la Jumamosi: Quinton.

"Ni wewe umefanya hii maneno?" alimuuliza Quinton.

Shati jeupe likaanza kulowa makwapani. Akiror angenyamaza tu, bwana yule azame. Wazo hilo lilikuwa tamu, tena tamu sana. Lakini Quinton angezama na kazi yote ya Akiror.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Huo mstari niliandika mimi."

Quinton nusura amkumbatie. "Mnaona? Amekubali mwenyewe! Mimi Jumamosi nilikuwa harusi Budalang'i. Hata laptop sikubeba!"

"Lakini jina ni lako."

"Account ni yangu, mzee, lakini ni yeye huandikanga."

Mpumbavu yule bado alikuwa akitabasamu.

Mzee Etyang akaanza kuteremsha orodha polepole, Ijumaa, Alhamisi, wiki iliyopita, mwezi uliopita. Quinton, Quinton, Quinton. "Na hii yote," aliuliza, "ulikuwa harusi?"

Hakuna aliyengoja jibu lake.

"Mama, fungua account yako," mzee akamwambia Akiror. "Rekebisha."

Akiror akaketi, akafungua akaunti, akaurudisha mstari ulivyokuwa Ijumaa. Pale panapoulizwa sababu, akaandika: "Nilikosea. Nimerekebisha." Chini yake, kwa mara ya kwanza, likatokea jina lake.

Nje, lori la Uganda likaitwa.