Sahani za Watu

Mama alipolazwa hospitali hakuniusia dhahabu wala nyumba. Aliniambia, "Ibtihal, kabatini mna sahani za watu. Usizipoteze." Siku ya tatu akafa, na mimi sikulia. Nilipokea waliokuja kunipa pole, nikasimamia khitma, nikawamiminia kahawa wanawake wa Azaiba, majirani zetu wa zamani, waliokuwa wakinitazama macho kuona kama yamevimba. Hayakuvimba. Nilikuwa nimekufa ganzi tangu utosini mpaka kisiginoni.

Sahani zenyewe zilikuwa tisa. Kichochoro chetu cha Darsait kilijaa watu waliovuka bahari kutoka Unguja miaka ya sabini, na sheria yao kubwa ilikuwa moja: sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa sambusa, unakaa na sahani mpaka upike chako, ndipo uirudishe. Zote zilinunuliwa duka moja Mutrah, nyeupe za bati, ua jekundu katikati, kwa hiyo kila nyumba iliweka alama yake kwa chini, kwa rangi ya kucha. Nyumba ya Bi Mahfoudha mistari miwili ya kijani. Ya Mzee Saeed duara jeusi. Yetu nukta tatu nyekundu, kama mafiga.

Watu walipoanza kuhamia Azaiba kwenye majumba ya vyoo sita, kila nyumba iliondoka sahani yake ikiwa kwa Mama, maana hakuwahi kupata wasaa wa kuwapikia. Wakenya wakapanga nyumba zilizobaki. Mama akakaa hapo peke yake na sahani nane nilizozijua za nani. Ya tisa, yenye msalaba wa buluu, sikuijua. Nilidhani ni ya watu walioondoka mimi bado mdogo.

Sasa kichochoro kinavunjwa kupisha barabara. Hamood, mtoto wa marehemu Bi Mahfoudha, amepewa chumba cha maonyesho aweke kumbukumbu za mtaa. Alinijia matanga hayajaisha.

"Dada Ibtihal, ramani ya nani alikaa wapi hatuna. Hizo sahani ndiyo daftari letu. Nnakuomba kila moja uiandikie ya nani."

Nikamwambia inshallah.

Siku ya kuzipeleka, binti mmoja wa pale maonyesho, anaitwa Noof, akanipa fomu. Nimejaza fomu serikalini miaka ishirini na sita; fomu hainitishi. Kitu: sahani za kulia, tisa. Hali: chafu kidogo. Palipoandikwa "zisafishwe" nikatia tiki. Nafasi ya maelezo nikaiacha wazi. Alama zote nilikuwa nazo kichwani, lakini mkono ulitaka kumaliza tu, nirudi nikalale.

Wiki mbili baadaye nikaenda kuziona. Zilikuwa zimepangwa nyuma ya kioo, zinang'aa. Nikaomba zigeuzwe. Noof akavaa glavu, akazigeuza moja moja kwa adabu kubwa. Chini nyeupe, zote tisa.

"Zilikuwa na madoa ya rangi," akasema. "Nimeyatoa kwa asetoni. Sikuzikwaruza hata kidogo."

Hamood akanigeukia. "Ulizipiga picha?"

"Sikuzipiga."

"Sasa utaijuaje ya mama yangu?"

"Sitoijua."

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alipita mlangoni bila hata kunisalimia. Nilijua kuwa nimefanya baya, kama mtu anavyojua jua ni kali kwa kulitazama dirishani. Nikapita dukani kununua maziwa, nikaenda zangu nyumbani.

Jana ilikuwa siku ya kukabidhi ufunguo wa nyumba ya Mama. Nimesimama jikoni, hamna hata kiti, mlango ukabishwa. Ni Priscah, Mkenya anayekaa nyumba ya chini, anasafisha maofisi Ruwi. Ameshika sahani iliyofunikwa.

"Pole tena, Madam. Hii ni ya Mama. Alinitumia nayo samaki ile wiki alienda hosi. Nimekaa nayo sababu singeweza kuirudisha hivyo tu, na kazi haijanipa nafasi. Leo ndio nimepata off."

Chapati tatu, za moto. Nikapokea, nikashukuru.

"Na yangu?" akauliza. "Ile ya msalaba wa buluu. Mama alinipeleka mwenyewe Mutrah nikanunue, akasema kwa huu mtaa mtu hakai bila sahani. Akaniwekea msalaba sababu mimi ni wa kanisa. Niliileta na mandazi, na sijaiona tena."

Nyumba ya tisa ilikuwa hapo chini, mlango wa pili, nguo zimeanikwa nje. Hakuna aliyekwenda kumuuliza kitu.

"Iko kwenye maonyesho," nikamwambia. "Nyuma ya kioo."

Akacheka sana. "Sahani yangu! Na wameweka nini ndani?"

"Hawakuweka kitu. Ziko tupu. Zote tisa."

Hakucheka tena. "Aki, Mama angewagombeza."

Hapo ndipo nilipolia. Ganzi ikitoka mguuni huuma kuliko ilivyoingia, na hii ilinitoka mwili mzima. Nilimlilia Mama, nikazililia sahani za watu nilizozipoteza kwa tiki moja. Priscah akanipokonya sahani chapati zisimwagike, akangoja.

Kisha tukala, sote wawili tumesimama. Sahani ilipobaki tupu nikaigeuza. Nukta tatu nyekundu, moja imeanza kufifia.

"Sasa mimi yangu nitaijua aje?" Priscah akauliza.

"Hutoijua. Alama nimezifutisha mimi."

Akaigusa ile sahani mkononi mwangu.

"Basi hiyo ya Mama," akasema, "usiwapelekee."