Mshahara wa Kumwogesha Mama

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi, hata mtoto wa chekechea angeiweza, na ndiyo maana Nukta hakujua aipinge kwa lipi. Mama alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kulia umelala, ulimi mzito, na daktari amesema asiachwe peke yake. Watoto ni watatu. Kaka mkubwa ni dalali wa nyumba na viwanja. Akiuza nyumba moja anakula kwa miezi. Kitinda mimba, waliyemwita Bosi tangu anatambaa, yuko kampuni ya simu, kazi yake kuandaa vikao, na ukimuuliza vikao vya nini atakuambia vya kupanga vikao vingine. Katikati ndiye Nukta, jina alilopewa kwa udogo aliozaliwa nao, na yeye anaosha vifaa vya upasuaji hospitalini.

Basi Dalali akatoa simu, akapiga hesabu pale pale sebuleni, Mama mwenyewe akiwa kwenye kiti chake anasikiliza. Mmoja lazima aache kazi. Aache nani? Aache yule ambaye akiacha, familia inapoteza kidogo. Akaigeuza simu kila mtu aone, utadhani mshahara wa Nukta ulikuwa siri ya serikali.

"Sisemi kazi yako haina maana," alisema. "Ila mshahara wako ndio mdogo. Sasa mimi nifanyeje?"

Nukta alilitafuta kosa kwenye hesabu ile, hakuliona. Aliomba wampe wiki moja.

Tuseme ukweli, kazi yake aliipenda. Mikasi na koleo vilimfikia vina damu, akavisugua kwa brashi mpaka kwenye bawaba, akavikagua chini ya taa kimoja kimoja, akavifunga kwenye kitambaa cha kijani na kuvisukuma ndani ya mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu. Wiki ile ile mtungi uligoma, na daktari wa upasuaji, ambaye mshahara wake sijui huwa anaubebea kwenye nini, alisimama mlangoni mikono juu kama mtu aliyekamatwa, hana la kufanya mpaka Nukta amalize. Nukta akamtazama, akachanganyikiwa zaidi. Labda daktari amesoma sana. Labda mikasi inaweza kuoshwa na yeyote. Lakini kama ni yeyote, mbona msimamizi humpigia simu hata akiwa likizo? Akawaza mpaka kichwa kikamuuma, asipate mwanzo wala mwisho.

Huku nyumbani Dalali, ili asije akaambiwa ameonea mtu, alimwita mlezi wa wagonjwa aje apatane naye. Akaja mama mmoja mnene, mtulivu, na mkoba wake kwapani. Akamgusa Mama mgongo, akauliza kama anapaliwa akinywa maji, kama anaweza kusimama akishikwa. Kisha akataja mshahara wake, na siku moja ya mapumziko, Jumapili. Lo! Ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa Nukta. Dalali aliuliza kwa kicheko kama hela zote hizo ni za kumwogesha mtu tu. Yule mama akamjibu kwamba kama ni kuogesha tu, basi amwogeshe yeye, akabeba mkoba wake akaondoka. Mgala muue na haki mpe: yule mama alisema kweli.

Lakini dalali ni dalali, hakosi njia. Jioni aliwaita tena, akamwambia Nukta kwamba sasa ameona mwenyewe: akikaa yeye na Mama ataiokolea familia pesa nyingi sana. Maskini Nukta, kichwa kikazidi kumzunguka. Juzi kazi yake ilikuwa ya pesa kidogo, ndiyo maana aiache. Leo kazi anayoiendea ni ya pesa nyingi, ila akiifanya mtu mwingine. Akiifanya yeye ni bure. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Basi nilipeni mimi hizo."

Bosi akaangalia dari. Dalali akamuuliza polepole, kwa huzuni ya kweli, kama anataka kulipwa kwa kumwogesha mama aliyemzaa. Nukta aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na bado hakujua kosa lake ni lipi. Aliyemwokoa ni Mama.

"Mlipeni," alisema Mama kwa ulimi wake mzito, na mambo yakaishia hapo.

Wakapatana kama walivyotaka kupatana na yule mlezi, mshahara ule ule, Jumapili ile ile, siku ambayo kaka zake wangepokezana. Hospitalini, msimamizi alilalamika kwamba pengo la Nukta litazibwa na watu wawili. Nukta alipomuuliza mbona yeye hakuwahi kulipwa ya watu wawili, msimamizi akaanza kutafuta miwani. Nukta akahamia kwa Mama, chumba cha pili.

Hakuwahi kushika pesa kama zile maishani. Alinunua godoro, akanunua viatu, na bado zikabaki. Lakini kitu kilikuwa kimeharibika, hakujua ni kitu gani. Dalali alianza kupiga simu kuuliza kama Mama amekunywa dawa, kwa ile sauti anayoongea nayo na dereva wake. Wifi, mke wa Dalali, alikuja akapitisha kidole dirishani kutafuta vumbi. Na Mama, ambaye zamani aliita "We Nukta!" mpaka majirani wakaitika, siku hizi alisema samahani, alisema kama una nafasi, alisema nikusumbue kidogo. Nukta akadhani ni unyonge wa ugonjwa.

Jumapili moja ilikuwa zamu ya Bosi, na Bosi alikuwa amelala fofofo mbele ya televisheni. Nukta akapita chumbani kwa Mama kuchukua chanuo. Harufu ikampokea mlangoni. Mama alikuwa macho, kageukia ukutani, shuka imelowa chapachapa, na ilionekana haikulowa sasa hivi.

"Mama, mbona hukuniita? Si niko hapo tu chumba cha pili?"

Mama aligeuza uso kwa shida.

"Leo si siku yako," alisema. "Nilitaka kuita. Nikakumbuka."

Nukta alifungua mdomo amwambie kwamba yeye ni mwanawe, kwake hakuna cha Jumapili. Akaufunga tena. Alikuwa ameshapokea mishahara miwili, wa tatu ulikuwa njiani, na hakujua kama mtu anaweza kusema vile na bado akanyoosha mkono mwisho wa mwezi. Roho ilimuuma, ikamuuma kweli kweli. Akaivua ile shuka, akachemsha maji, akamwogesha Mama taratibu, mgongo, mabega, miguu, akamvika gauni kavu. Mama alitulia muda wote kama mgeni anayeogopa kuchafua nyumba ya watu. Alipokwisha kulazwa alimshika Nukta kiganja.

"Nitamwambia kaka yako," alisema, "akuongezee na ya leo."

"Asante, Mama," akajibu Nukta, kisha akabaki amesimama na ndoo mkononi, hajui kwa nini ameshukuru.