Mtoto Aliyeachwa Nje ya Hema

Uchungu wa uzazi ulimshika akiwa kwenye foleni ya maji. Kambini walimwita Fundi, kwa kuwa alikimbia vita akiwa na cherehani kichwani. Aliiacha ndoo palepale, akamshika bintiye mkono, wakakazana hadi kwenye hema la zahanati.

"Watoto hawaingii," mkunga alisema. "Una wa kumwachia?"

Hakuwa naye. Yeye na mumewe walipotezana njiani. Kwenye benchi la nje alikaa mama wa makamo, kajitanda kanga ya kijani.

"Niachie mimi, mwanangu. Nenda ukajifungue salama."

Uso ulikuwa wa huruma, na uchungu haukumpa Fundi nafasi ya kufikiri.

Bintiye walimwita Chiriku kwa mdomo wake usiopumzika. Fundi alipolala kitandani alimsikia kupitia turubai: "Bibi, una meno mangapi?" Akacheka huku ameuma shuka. Uchungu ukapanda, ukamzidi, ukaachia. Alipotega sikio tena, nje kulikuwa kimya.

"Mwanangu haongei."

"Labda kasinzia," mkunga alisema.

"Huyo hata usingizini anaongea! Dada, nakuomba, hebu chungulia."

Mkunga alichungulia. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umesawajika, na Fundi hakuhitaji kuambiwa. Akateremsha mguu chini.

"Lala! Kichwa kinaonekana!"

"Na yule wa nje je?"

Mkunga alifunua turubai, akapaza sauti: "Mlinzi! Funga geti, gari lisitoke! Mtoto wa kike, gauni la njano! Kachukuliwa!"

Nje watu wakaanza kukimbia. Fundi alisukuma, akilitaja jina la bintiye kila alipopata pumzi. Mtoto wa kiume alitoka, akalia kwa nguvu. Mama yake hakumtazama. Macho yake yalikuwa mlangoni.

Mlinzi aliingia amembeba Chiriku, shingo imelegea. Fundi akapiga yowe.

"Anapumua, mama, anapumua! Nimemkuta kwenye lori, kafunikwa magunia. Kanyweshwa kitu. Yule mwanamke kajipenyeza kwenye umati, sikumwona tena."

Mkunga alimlaza msichana kwa ubavu karibu na mama yake. Fundi aliweka kiganja puani pa bintiye, na hakukiondoa hata yule mchanga alipowekwa kwenye titi. Jua lilikuwa linashuka Chiriku alipotapika, akafumbua macho.

"Mama, huyu ni wa nani?"

"Ni wetu."

"Bibi alisema umenituma nikamwone baba." Akaangaza huku na huku. "Yuko wapi?"

Fundi alimvuta karibu.

Yule mwanamke hakupatikana. Asubuhi mkunga alitandika mkeka ndani ya hema, kando ya vitanda, akatangaza kwamba watoto wa kina mama wanaojifungua watakaa hapo, na asiyetaka aje aongee naye. Fundi aliambiwa yuko salama, anaweza kurudi kwake. Aliinuka, akafika mlangoni, akawatazama watu waliokuwa wakipita nje. Kisha akarudi kukaa mkekani, wanawe wote wawili kifuani.