Mdomo wa Zimwi

Mdogo wangu Nibaran alikuwa fundi wa sanamu, na kazi yake haikuwa na kosa wala uhai. Mama Durga wake, mungu wa kike tunayemfinyanga kwa sikukuu, alitoka mzuri kila mwaka, lakini zimwi anayechomwa mkuki chini ya mguu wake alifanana na mtu anayeumwa tumbo. Mtaa mzima wa Kumartuli ulimcheka: "Fundi, mpe zimwi wako dawa ya minyoo!"

Mwaka ule alimfinyangia zimwi uso wa Bishu Hazra.

Bishu ndiye aliyemchoma kisu Poltu, kitinda mimba wetu, nyuma ya ghala la majani ya mpunga. Hakuna aliyeona, ila kila mtu alijua, na wote walinyamaza kwa kuliogopa genge lake. Sasa alikuwa pale chini ya Mama, na kovu lake la nyusi na pua yake pana. Nibaran alimpa na kicheko, cha mtu anayefurahia kuua. Nilipokiona nilipiga makofi kwa furaha. Nikasema kazi bora ndiyo hii: mwenyewe akiiona, damu imkauke.

Bishu akaja mchana kweupe na watu wake, wameshika fimbo za mianzi. Majirani wakajaa mlangoni.

"Libomoe," alisema.

"Bomoa mwenyewe," Nibaran akajibu. "Mguu wa Mama uko juu yake. Ukithubutu, mpige Mama."

Hakuthubutu. Wakaulaza mkono wa kulia wa Nibaran juu ya ubao wa kukandia udongo wakaupiga mpaka mifupa ikalia. Nilimrukia mmoja wao kwa kisu cha kupasulia mianzi nikamchana sikio. Akanibwaga chini, meno yakang'ata udongo.

"Cheka sasa!" Nibaran alimpigia Bishu kelele. "Cheka kama ulivyocheka siku ile!"

Bishu akautazama ule uso. Akaishusha fimbo bila kupiga.

"Sikucheka," alisema. Kisha akafoka mpaka mate yakaruka: "Sikucheka, mshenzi we! Nilikuwa nalia! Poltu nimecheza naye tangu utoto. Nilimchoma huku nalia!"

Hata genge lake lilimkodolea macho. Amejisema mwenyewe, mbele ya mtaa. Mtu akarusha tofali, na woga wote wa mtaa ukageuka mateke. Langu limo. Polisi walipomchomoa, taya lilikuwa limevunjika na jicho moja halifunguki.

Nilimfunga Nibaran mkono kwa pindo la sari yangu. Hakuutazama. Alikuwa anatazama zimwi.

"Dada, lete maji. Udongo haujakauka bado."

"Maji ya nini?"

"Huo mdomo ni wa uongo."

"Uache! Kamuua Poltu!"

"Kamuua huku analia. Mimi kwa kile kicheko nilimtukana tu, hata mlevi anaweza kutukana. Dada, mimi sina mkono."

Nilimtukana yeye, nikamtukana baba aliyetuachia kazi hii. Nilikitaka kile kicheko. Nilitaka mji mzima uje uchukie pamoja nami.

Nikalowesha kidole. Nikaishusha pembe ya mdomo, nikaulegeza mdomo wa chini, nikakunja kidevu kama kinavyokunjika kwa mtoto kabla hajaangua kilio. Namchukia Bishu Hazra hata leo. Lakini uso ule ulinitazama, na machozi yangu yakadondokea udongoni.

"Hapo," Nibaran akasema. "Usiguse tena."