Mbio za Wapiga Pasi

Katika chumba cha kupigia pasi cha hoteli, maji ya kunywa yaliwekwa nje ya mlango. Tone moja likidondokea shuka iliyonyooshwa, shuka hurudi kufuliwa. Basi wanawake wa chumba kile walizoea kuvumilia kiu mpaka mapumziko, wakaona fahari. Kiongozi wao, waliyemwita Dada Mkubwa, alisifiwa kuliko wote.

“Huyu ana koo la ngamia,” walisema.

Kwa fahari hiyo hiyo waliingia mbio za wafanyakazi mwaka uliopita. Timu haikuhesabiwa kumaliza mpaka wote wavuke mstari pamoja. Hawakunywa maji njiani, na mdogo wake Dada Mkubwa, naye mpiga pasi, aliishiwa nguvu, akaropoka maneno yasiyoeleweka, akapelekwa hospitali.

Mwaka huu mama yao alisema neno moja tu: “Mkubwa, nimekukabidhi mwenzio.”

Walijizoeza jua likiwa kali, kidogo kidogo, hadi miili ikazoea. Muuguzi wa kazini aliwaeleza kwamba hewa ikijaa unyevu jasho halikauki, na jasho lisilokauka haliupoozi mwili. Wakaafikiana: kila penye meza ya maji watasimama, watakunywa, watalowesha vichwa.

Siku ya mbio hewa ilikuwa nzito kama blanketi lililoloa. Dada Mkubwa alisali kimya, wakaondoka. Kwenye kila meza aligawa vikombe, akahakikisha mdogo wake amemaliza, akapiga kelele, “Twende!”

Kwenye meza ya mwisho mdogo wake hakusogea.

“Dada, wewe umekunywa wapi?”

“Mimi sina neno.”

“Hujanywa popote. Nimekuwa nikikutazama. Sisogei mpaka unywe.”

Timu ya jikoni ikawapita bila kugusa meza. “Nyie wa pasi, mnapiga picha hapo?” mpishi mkuu alidhihaki.

“Tangulia, baba, ukachemshe chai!” mpiga pasi mmoja akamjibu.

Dada Mkubwa alitaka kucheka, akashangaa ulimi umemganda kinywani. Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu walipovuka daraja la kwanza, naye alikuwa akikiombea kinyamaze. Kumbe jibu la maombi yake lilikuwa limesimama mbele yake, limekunja uso, limeshika kikombe.

Akanywa, mbele ya watu wote. Akaketi kivulini huku wenzake wakimmwagia maji shingoni, hata kichwa kikatulia. Hakuna aliyemharakisha. Kisha wakaondoka, wakitembea penye jua, wakikimbia penye kivuli.

Karibu na mwisho walimkuta mpishi mkuu ameketi chini, muuguzi akimpoza kwa vitambaa vya maji.

“Chai vipi, baba?” wakamuuliza.

Akainua mkono, akitabasamu kwa aibu.

Wakavuka mstari wameshikana mikono, wote, vigelegele vikipasua hewa. Hakuna idara nyingine iliyokuwa imefika kamili. Mdogo mtu alirukaruka kama ndama aliyefunguliwa. Mama yao, aliyewangoja hapo, alimpita, akaenda moja kwa moja kwa mkubwa.

“Mama,” alisema Dada Mkubwa, “nimechoka.”

Hakukumbuka lini aliwahi kulitamka neno hilo. Mama akacheka, akamsogezea bega.