Mwaka Aliojichongea Baba

Baba yangu alichonga mawe ya makaburi, na jiwe lake mwenyewe alilichonga akiwa mzima, tena akiwa na afya ya kukera. Mji mzima ulimwita Fundi Milele, kwa sababu juu ya mlango wa karakana aliandika kwa rangi nyekundu: KAZI YA MILELE. Naandika haya nisije nikamsahau, na pia kwa sababu watu wameshaanza kumsimulia vibaya. Wengine wanamfanya mtakatifu, wengine kichekesho. Alikuwa baba tu, na alituchosha.

Jiwe lenyewe lilikuwa la kijivu, lenye chembe nyeupe, limeegemezwa ukutani nyuma ya meza ya patasi. Alichonga jina lake, mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu mwaka wa kufa. Ndiyo, wa kufa. Babu alifariki akiwa na miaka themanini na tisa, kwa hiyo baba aliamua kwamba yeye atafika tisini. Alitaka kumpita mzee wake, basi.

Wateja walioleta misiba yao pale walilitazama jiwe lile wakasahau kulia.

"Fundi, umeshapangiwa?"

"Nimejipangia," alijibu, na kuendelea kugonga.

Mama alimsihi mara nyingi. "Mzee, ongeza basi 'Mungu akipenda' hapo chini."

"Hakuna nafasi. Kila herufi ni jasho langu, si jasho lake."

"Haya. Mimi nimenyamaza," mama alisema, na hakunyamaza hata siku moja.

Hata mchungaji alijaribu. Alikuja na Biblia kwapani, akaketi kwenye gunia la saruji, akamsomea pale mtume anapowakemea watu wanaopanga mambo ya mwaka mzima na ya kesho hawayajui, watu ambao maisha yao ni mvuke tu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa.

"Mchungaji, huyo mtume aliwasema wafanyabiashara," akasema. "Mimi ni fundi."

Nilikuwa nikisugua jiwe la mtu pembeni. Nilicheka, na mchungaji naye akacheka, ndiyo shida ya baba. Alikuwa akimkosea Mungu kwa namna ya kuchekesha.

Alifika miaka sabini na miwili tu. Asubuhi moja nilitoka kuchota maji ya kusugulia. Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye benchi lake, kichwa kimeegemea jiwe la mteja, vumbi jeupe kwenye nyusi. Kikombe chake cha chai kilikuwa bado kinafuka.

Tulimzika, tukasimika kibao cha mbao chenye jina lake. Mbao! Mtu aliyewachongea mawe nusu ya watu waliolala pale, yeye akawekewa kibao kama alama ya bomba la maji. Mama alisema neno moja tu juu ya jambo hilo, nalo ndilo lililonikalia shingoni: "Sitaki mume wangu achekwe." Karakana ilikuwa imebaki na mimi, kwa hiyo jiwe lilikuwa kazi yangu.

Kaka yangu tunamwita Meneja. Anasimamia ghala mji mwingine, na akija nyumbani anatusimamia sisi. Alifika karakana akiwa na shangazi, dada yake baba, na hata salamu hakumaliza.

"Jiwe lipo. Linangoja nini?"

"Kaka, mwaka si wenyewe."

"Baba mwenyewe ndiye aliyechonga. Wewe ni nani wa kumsahihisha?"

"Amekufa, kaka. Jiwe linasema bado miaka kumi na minane."

"Basi tumngoje," shangazi akasema. "Huenda katoka kidogo."

Meneja hakucheka. "Baba hakukosea hesabu maishani mwake. Amekatizwa."

Nilimgeukia. "Amekatizwa na nani? Sema! Unataka Mungu aje makaburini kutuomba radhi?"

"Usinikufurishe, mdogo wangu."

"Sikukufurishi. Unaweza mwenyewe."

Mama aliingia akatukuta tumekodoleana macho kama majogoo. Alituangalia mmoja mmoja, akachukua ufagio, akaanza kufagia vumbi la mawe ambalo halijawahi kuisha tangu nizaliwe.

Nilijaribu kuziba tarakimu. Nilichanganya saruji na unga wa jiwe lilelile, nikajaza, nikasawazisha, nikaacha ikauke. Ilikauka ikawa nyeupe kuliko jiwe. Mwaka ule ukawaka kama meno.

"Vizuri," shangazi akasema. "Sasa hata kipofu atausoma."

Niling'oa saruji yote. Nikafikiria kuusugua uso mzima mpaka maandishi yaishe, nikapima kina cha herufi kwa msumari. Msumari ulizama karibu wote. Mawe ya wateja baba aliyachonga kina cha kawaida, lakini lake alilichimba kama kisima ili lisifutike daima. Ningeusugua uso ule mpaka herufi ziishe, lingebaki jiwe jembamba kama kigae, likapasuka kwa mvua ya kwanza. Na pesa ya jiwe jingine la aina ile hatukuwa nayo.

Niliitupa patasi chini. Nilimkasirikia baba kuliko nilivyowahi kumkasirikia akiwa hai, na hakuwapo wa kumgombeza. Nikaligombeza jiwe. "Mtu mzima! Usingeweza kuacha wazi? Tarakimu nne tu, ukamwachia Mungu mwenyewe?"

Sikujua Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja taratibu, akapitisha kidole ndani ya mwaka ule, tarakimu moja baada ya nyingine.

"Nilipanga kuja mwisho wa mwaka," akasema. "Mwaka jana pia nilipanga. Kila nikitaka kuja, kazi zinaniandama, najiambia, muda upo. Umeandikwa pale karakana." Akaligonga jiwe kwa kidole. "Mimi nililiamini jiwe hili, mdogo wangu."

Sisi wa nyumbani tulidhani baba alikuwa akimtania Mungu, na tulimcheka. Kaka alikuwa wa mbali, utani ulimfika kama ahadi.

Mama alikuwa akifagia nje, akasikia yote, akaingia. Aliuweka ufagio chini kwa kishindo.

"Mmenichosha! Wewe na ndugu yako na huyo baba yenu na jiwe lake! Ligeuzeni huko, lilale kifudifudi, nisilione tena!"

Nilizunguka nyuma ya jiwe. Upande ule ulikuwa haujaguswa, mbaya, wenye mikwaruzo ya msumeno. Niliupapasa.

"Mama," nikasema, "linaweza kulazwa."

"Linaweza nini?"

"Tulilaze juu ya kaburi badala ya kulisimamisha. Maandishi yake yaangalie chini. Mimi nichonge upya huku juu, jina na miaka yenyewe."

Nilimtazama Meneja nikijua atapinga. Aliutoa mkono wake kwenye mwaka ule, akafuta vumbi kwenye suruali yake nzuri ya ofisini.

"Likamilike lini?" akauliza. Umeneja haujamtoka.

"Jumamosi," nikasema. Mama akanitazama. Alinitazama mpaka nikahisi masikio yanapata moto. "Mungu akipenda," nikaongeza, kwa hasira, kama mtoto aliyelazimishwa kuamkia wageni.

Jumamosi mvua ilinyesha kutwa nzima, gari halikuweza kuingia makaburini. Shangazi alicheka mpaka akakohoa.

Tulilipeleka Jumanne. Wanaume wanne walilishusha kwa kamba, na kabla halijafunika udongo, Meneja aliinama akausoma ule uso wa chini kwa mara ya mwisho, kila herufi. Zilikuwa herufi nzuri, hilo lazima niliseme. Zangu za juu zina kina cha kawaida, na kistari kimekwenda upande kidogo.

Jiwe likatua. Mama alivuta kanga yake mabegani, akaangalia pale chini ambapo ule mwaka aliojichongea sasa ulikuwa umeelekea uso kwa uso na mwenyewe.

"Haya, Mzee," akasema. "Endelea kujisomea."

Kisha akaniomba mkono, maana utelezi ulikuwa mwingi, tukashuka mteremko wa makaburini.