Ndoo Tatu za Pumba

Je, umewahi kumwona mtu akimlisha ampendaye ugonjwa, kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa mapenzi? Basi ndivyo alivyofanya Hadda, mjane wa nyanda za Dukkala, wala hakujua.

Alikuwa na farasi jike wa kijivu, Ghzala. Mwanawe Larbi ndiye aliyempanda siku za sherehe, wapanda farasi wanapokimbia safu moja na kufyatua bunduki kwa pamoja. Lakini kulisha, kuosha na kusuka manyoya ya shingo ilikuwa kazi ya Hadda, ambaye hakuwahi hata siku moja kukaa mgongoni mwa farasi. Asubuhi mabua makavu ya ngano pamoja na punje za shayiri. Jioni ndoo ya pumba zilizolainishwa kwa maji ya uvuguvugu, maana kwao pumba ndiyo heshima ya farasi. Mwaka ule shemeji yake mwenye kinu akampa pumba bure, naye Hadda akaongeza: ndoo mbili, kisha tatu.

Baridi ilipoingia, Ghzala akaanza kuchechemea. Leo mguu wa mbele, kesho wa nyuma. Uso ukavimba chini ya macho.

"Mama, Alhamisi nampeleka sokoni," Larbi akasema, macho chini. "Mchinjaji atamchukua."

"Akuchukue wewe kwanza! Mwite daktari."

Jumatano akaja Daktari Ibtissam, binti mdogo mwenye viatu vya mpira. Akambonyeza Ghzala mifupa ya uso, akauliza anakula nini. Hadda akataja vyote kwa fahari.

"Ndoo tatu za pumba? Kila siku?"

"Na shayiri, binti yangu. Mimi simnyimi."

"Hapo ndipo penye shida, lalla Hadda. Pumba na shayiri zina fosforasi tele, kalsiamu kiduchu. Fosforasi ikizidi, mwili unakwenda kuchota kalsiamu mifupani. Mifupa yake imelegea."

Hadda akaitazama ndoo. "Kumbe ni mimi?"

"Ni wewe. Na ni wewe utakayemponya. Pumba, basi kabisa. Shayiri kopo moja. Mpe fassa kwa wingi."

"Fassa? Majani ya ng'ombe wa maziwa!"

"Hayo hayo, yana kalsiamu. Na unga huu wa chokaa ya mifugo, vijiko viwili kwa siku. Usiongeze kwa mapenzi."

"Daktari," Larbi akacheka, "hapo umemtwisha mzigo."

Jioni Ghzala akaipiga ndoo tupu kwa kwato, akidai pumba zake. Hadda akageuza uso, akampa fassa. Kijiko alikisawazisha kwa kidole, kila siku, miezi mitano.

Wakati wa mavuno akampeleka Ghzala kwenye ardhi ngumu ya uwanja wa kupuria. Larbi akashika kamba, Hadda akafumba macho, akasikiliza kwato. Ko, ko, ko, ko. Sawasawa, hakuna hatua iliyosita. Akapumua kama aliyetua kuni, machozi na kicheko pamoja. Uvimbe ulibaki kidogo, na ubaki.

"Alhamdulillahi!" Larbi akambusu kichwani. "Sema, mama, nikuletee nini sokoni? Kaftani? Birika?"

"Daktari kasema aanze kupandwa na mtu mwepesi, polepole," Hadda akajibu, akikunja pindo la gauni. "Mwepesi hapa nani, wewe na tumbo hilo? Tangu baba yako alete farasi wa kwanza hapa, mimi nataka kupanda. Haya, nishikie mguu."